Wimbo Haukutoka, Basi Mbovu?

"Hayo ni mabaki tu, fundi. Yangekuwa mazuri wangeyatoa zamani."

Wiki hii nimeyasikia tena hapa Majengo, Dodoma, kwa mteja aliyeniletea mfuko wa kanda za bendi ya marehemu baba yake. Alitaka zenye lebo ya kuchapwa nizinakili. Zilizoandikwa kwa kalamu "majaribio" nizifute. Nimekataa.

Wimbo kutotoka si kufeli! Mwaka 1968 Beatles, bendi ya Uingereza, walirekodi "Not Guilty" wa mpiga gitaa wao George Harrison, wakaurudia zaidi ya mara 100. Albamu yao ya mwaka huo ilibeba nyimbo 30 kwenye santuri mbili, na bado huo ukaachwa nje. Rekodi yao hiyo ilitoka rasmi mwaka 1996, ndani ya Anthology 3, mkusanyiko wa kanda zao za akiba. Watu hawahangaiki hivyo na wimbo wasioujali. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika 20 na ushee tu, na wimbo mzuri unaweza kukosa nafasi au kutoendana na wenzake. Bendi ya Oasis waliuweka "Acquiesce" upande wa pili wa singo, santuri ya wimbo mmoja mkuu, mwaka 1995. Mwaka 1998 wimbo huohuo ndio uliofungua The Masterplan, albamu yao ya nyimbo za aina hiyo. Na Coda, albamu ya nyimbo zilizobaki za bendi ya Led Zeppelin, ilitoka mwaka 1982, miaka miwili baada ya mpiga ngoma wao John Bonham kufariki. Bendi haikuwepo tena, zilibaki kanda.

Nilimwekea mteja moja ya hizo "majaribio". Baba yake anahesabu moja, mbili, tatu, anasimamisha, anamwambia mpiga gitaa akaze waya wa pili. Kwenye kanda zote za lebo mzee anaimba tu. Haongei hata neno.

Wengine hudhani kompyuta hurudisha kila kitu. Hupunguza mvumo, basi. Ambacho hakikunaswa hakipo. Na sauti ikiwa imefifia, kagua kwanza kisponji kilicho nyuma ya utepe, mara nyingi kimebanduka tu.

Eti ukishanakili kwenye flashi, kanda itupwe? Hapana. Flashi hufa ghafla. Kanda isimamishe wima ndani ya boksi lake, mbali na spika na jua la dashibodi, na uvunje vile vijino viwili vya juu ili mtu asirekodi juu yake. Za mteja wangu tulivivunja pamoja, kanda moja baada ya nyingine.