Hoja za awali: siku ambayo neno "ni kweli" huwa ushahidi

Mshtakiwa akikana shtaka, wengi hudhani kinachofuata ni mashahidi. Kabla yao ipo siku nyingine, ambayo mahakamani huitwa usikilizwaji wa awali, au kwa lugha ya mazoea, kusomewa hoja za awali. Hakuna shahidi anayepanda kizimbani na mara nyingi shughuli nzima huchukua dakika chache. Ndugu waliokuja kusikiliza huondoka wakisema leo hakukuwa na kitu. Sisi tunaotoa msaada wa kisheria tunaihofia siku hiyo kuliko wanavyoihofia washtakiwa wenyewe.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja. Marekani kuna hatua yenye jina linalofanana na hili, ambapo hakimu hupima kama kuna sababu ya kutosha ya kumpeleka mtu kwenye kesi kamili. Tanzania haiko hivyo. Hapa swali la kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu huja baadaye, upande wa mashtaka ukishafunga ushahidi wake. Usikilizwaji wa awali, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, una kazi tofauti: kutenga mambo ambayo pande mbili hazibishanii, ili kesi iende haraka na kwa haki.

Mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kesi. Mshtakiwa huulizwa yapi anayakubali na yapi anayakataa. Yanayokubaliwa huandikwa, na hapo ndipo uzito ulipo, kwa sababu jambo au nyaraka iliyokubaliwa siku hiyo huhesabika kuwa imethibitishwa. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haihitaji tena kuleta shahidi wa kulithibitisha, isipokuwa mahakama yenyewe ione kwamba haki inadai hivyo.

Chukua mfano wa kesi ya wizi. Inasomwa sentensi hii: "Mshtakiwa alikamatwa akiwa na pikipiki ya wizi." Mshtakiwa asiye na wakili anajibu, "Ni kweli, nilikamatwa." Kichwani mwake amekubali kitu kimoja tu. Lakini sentensi ile imebeba vitu vitatu: kwamba alikamatwa, kwamba alikuwa na pikipiki, na kwamba pikipiki hiyo iliibwa. Jibu linalomlinda hutenganisha: "Nakubali nilikamatwa. Sikuwa na pikipiki. Kama iliibwa, sijui." Asipotenganisha, anaweza kuingia kwenye kesi huku nusu ya utetezi wake ameshaitoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Nyaraka zinahitaji uangalifu uleule, pengine zaidi. Katika kesi ya mauaji, ripoti ya uchunguzi wa mwili wa marehemu hukubaliwa mara nyingi, na si vibaya ikiwa hakuna anayebishia kifo wala chanzo chake. Lakini kama utetezi ni kwamba marehemu alikufa kwa ugonjwa na si kwa kipigo, kuikubali ripoti hiyo kirahisi ni kuyaweka hatarini maswali ambayo daktari angepaswa kuyajibu mbele ya jaji. Hati ya ukamataji mali nayo ni vivyo hivyo: kukubali kwamba saini ni yako si sawa na kukubali yaliyoandikwa juu ya saini hiyo.

Simaanishi kwamba dawa ni kukataa kila kitu. Mtu anayekana hata jina lake na mahali anapoishi anajiongezea mashahidi wasio na lazima, na kama yuko mahabusu, anajiongezea miezi. Kubali kisichokudhuru. Kama hujui, sema hujui.

Sheria haikumwacha mshtakiwa asiye na wakili. Mahakama inatakiwa kumweleza shughuli hii ni ya nini, na kwamba ana haki ya kubishia maelezo. Mwishoni huandaliwa hati ya mambo yaliyokubaliwa, asomewe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa, kisha aisaini pamoja na wakili wake, kama anaye, na mwendesha mashtaka. Hatua ya kusomewa ni ya lazima. Ukisikia ndani yake jambo ambalo hukulikubali, sema pale pale kabla kalamu haijagusa karatasi, na uombe lirekebishwe.

Kuna jambo jingine la kukumbuka mapema. Kama utetezi wako ni kwamba siku ya tukio ulikuwa mahali pengine, sheria inataka utoe taarifa kwa mahakama na kwa upande wa mashtaka kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ukichelewa, unaweza bado kutoa maelezo kabla Jamhuri haijafunga ushahidi wake. Ukiliibua baada ya hapo bila taarifa, mahakama inaweza kuamua kutolipa uzito wowote. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuzungumza na wakili au mtoa msaada wa kisheria ni kabla ya kusomewa hoja za awali, ukiwa na hati ya mashtaka mkononi.