Mlinzi wa dukani anaweza kulipekua begi lako?

Swali hili hufika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Arusha hasa kuelekea sikukuu, maduka yanapofurika na walinzi wa milangoni wanapoongeza ukali. Jibu letu ni kwamba mlinzi anaweza kukuomba umfungulie begi. Kukulazimisha ni habari nyingine.

Kwanza tutenganishe kuingia na kutoka. Unapoingia, duka ni mali ya mtu, naye ana uhuru wa kuweka masharti. Kwa nini mlangoni pawe na mashine ya kukagulia vyuma, watu wa Arusha hawahitaji kuelezwa sana: mwaka 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti mwezi Mei, jingine likalipuka kwenye mkutano wa siasa katika viwanja vya Soweto mwezi Juni, na Septemba likatokea shambulio kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Ukaguzi huo ni wa usalama wa wote. Hutaki kukaguliwa, unageuka na kwenda zako. Hakuna kosa ulilotenda, na duka nalo halijakukosea kwa kukunyima nafasi ya kuingia.

Unapotoka, kinachotafutwa si silaha tena, ni sabuni na maziwa ya kopo. Umeshalipa, risiti unayo, bidhaa ni zako. Mlinzi akiomba risiti alinganishe na mfuko wenye nembo ya duka, mwoneshe. Haikugharimu kitu, na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi) unapaswa kuidai na kuwa nayo hata kwa sababu za kodi. Lakini mkoba wako wa begani, wenye simu, dawa na barua zako, si mfuko wa duka. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Mlinzi wa kampuni binafsi si askari polisi, na sare yake haimpi mamlaka ya upekuzi. Akiomba, wewe ndiye unayefungua na kuonesha. Yeye kuingiza mkono bila ridhaa yako ni kuvuka mpaka.

Je, ukikataa? Kukataa peke yake si wizi. Ila kama mlinzi amekuona ukitia kitu mfukoni, hali inabadilika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu katika mazingira machache, hasa kosa linapotendeka mbele yake, kisha inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hakuna mahali inaposema akufungie stoo saa mbili, akupige picha, akuvue koti au akulipishe faini ya papo hapo. Faini hutozwa na mahakama au mamlaka iliyopewa uwezo huo na sheria, si meneja wa zamu. Na kumfungia mtu bila uhalali ni kosa lenyewe chini ya Kanuni ya Adhabu.

Mwanamke akilazimika kupekuliwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Kama askari anabanwa na sharti hilo, mlinzi wa mlangoni atalikwepa vipi?

Kuna jambo tunalowaomba wenye maduka walikemee kabisa: mlinzi kutoka nje akipiga kelele za “mwizi!” Sote tunajua kinachofuata kule sokoni Kilombero au Mbuyuni ya Moshi. Wananchi wenye hasira kali hawaulizi risiti. Mteja aliyesahau kulipia dawa ya meno anaweza kufa kwa neno moja, na hapo aliyelipaza atakuwa na ya kujibu. Jingine, mji wetu ni wa watalii, na si siri kwamba mlango uleule humpitisha mgeni mwenye kofia ya safari kisha ukamsimamisha mama mwenye kikapu. Sharti la ukaguzi liwe la wote au lisiwepo.

Mahali wanapokutaka uache begi kaunta na kupewa kibao cha namba, fahamu kwamba anayepokea mali ya mwenzake kuitunza ana wajibu wa kuitunza kwa uangalifu wa kawaida, kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba. Lile bango la “hatuhusiki na upotevu” halifuti wajibu huo kirahisi hivyo. Hata hivyo, fedha na simu usiziache.

Halafu kuna kamera. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Duka linaweza kurekodi kwa ajili ya usalama, lakini wateja wajulishwe, na picha zitumike kwa lengo hilo tu. Kubandika ukutani sura ya mtu na kuandika “huyu ni mwizi”, au kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, ni kumhukumu kabla ya hakimu. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Likikukuta, usimtukane mlinzi. Sharti hakulitunga yeye. Mwite meneja, sema kwa utulivu kwamba uko tayari kukaguliwa mbele ya polisi, na uandike saa na majina ya walioshuhudia. Ukitaka kulalamika, liandikie duka siku hiyohiyo, uombe rekodi ya kamera ihifadhiwe. Mitambo mingi hufuta picha za zamani yenyewe nafasi inapojaa, na ikishafutwa mnabaki na neno lako dhidi ya neno la mlinzi.