"Sista Hajali": Maneno Yanayonichosha Wodini

"Manesi wa siku hizi hawana wito. Nimemwita mara tatu, hajaja." Ndugu wa wagonjwa wameniambia hivyo kwenye kila wodi niliyofanya kazi, na nimechoka kunyamaza.

Tupige hesabu. Wodi ina wagonjwa 40, usiku muuguzi yuko mmoja, zamu inachukua saa 12. Kila mgonjwa anatakiwa kupimwa presha, joto, mapigo na upumuaji kila baada ya saa 4. Ukitumia dakika 5 kwa mmoja, raundi moja inakula dakika 200. Raundi tatu, jumla saa 10! Zinabaki saa 2 za sindano, dripu, vidonda, kupokea wagonjwa wapya, kujaza mafaili na kumgeuza asiyejiweza. Lazima kuna kitu kitaachwa, hata umweke hapo muuguzi mwenye huruma kuliko wote. Mara nyingi kinachoachwa ni vipimo, na mgonjwa anazidiwa bila mtu kujua.

Wataalamu wameshalichunguza hili. Mwaka 2002 mtafiti wa masuala ya uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa upasuaji huko Pennsylvania, Marekani: kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Jimbo la California, hukohuko Marekani, lilianza kutekeleza sheria ya uwiano wa muuguzi kwa wagonjwa mwaka 2004, na leo katika wodi ya kawaida muuguzi hapewi zaidi ya wagonjwa 5.

"Basi wasomeshwe wengi." Wapo! Tanzania na Kenya kuna wauguzi wenye leseni walioko mtaani wakisubiri ajira, na mwaka 2021 Kenya ilisaini makubaliano ya kupeleka wengine Uingereza. Kinachokosekana ni nafasi kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na fedha za kuwalipa.

"Wanataka hela tu." Mshahara usiotosha unampeleka muuguzi kufanya kibarua zahanati binafsi akitoka zamu ya usiku. Kisha anarudi kwako hajalala, anakokotoa dozi ya mwanao. Ila umwongezee mshahara na umwache peke yake na wagonjwa 40, hujamsaidia mgonjwa.

Ukimwita muuguzi, taja unachokiona: "anapumua kwa shida", "kidonda kinavuja damu". "Sista, njoo" haimwambii aanze na nani. Na ukitaka kulalamika, uliza kwanza zamu ile walikuwa wangapi kwa wagonjwa wangapi, uandike namba hizo, umpelekee mganga mfawidhi (msimamizi wa hospitali) na nakala kwa diwani wako.