"Mtafutie kitabu cha maana, hizo katuni aache": majibu yangu

Hiyo sentensi mzazi anaisema mbele ya mtoto kabisa, mtoto kakumbatia Captain Underpants yake, kile kitabu cha vichekesho cha mwalimu mkuu anayegeuka shujaa wa chupi, mimi hapo kaunta ya maktaba natabasamu maana ndo kazi, ila rohoni nachemka. Basi leo niseme.

Hili la katuni kuua usomaji ndo linanichosha kuliko yote, na halijaanza kwenu. Mwaka 1954 kule Marekani daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu akidai komiki zinawageuza watoto wahalifu, Seneti ikafanya vikao, wachapishaji kwa uoga wakajitungia masharti ya kujidhibiti wenyewe, na masharti yenyewe yamekuja kufa kabisa 2011. Mwaka uliofuata mtafiti Carol Tilley akatoa matokeo baada ya kupekua makaratasi ya Wertham, kumbe yule bwana alikuwa anabadilisha na kutia chumvi maelezo ya watoto aliowahoji! Ila hofu aliyoipanda bado naipokea mimi kaunta.

Halafu msamiati. Mwaka 1988 watafiti Hayes na Ahrens walihesabu maneno adimu katika kila maneno 1,000: vitabu vya watoto 30.9, maongezi ya watu wazima waliosoma chuo 17.3, komiki 53.5. Ndiyo, komiki. Ni za Marekani za wakati ule, sisemi kila chenye kiputo cha maneno kina utajiri huo, lakini usiniambie eti hakuna cha kusoma mle. Na hiyo Captain Underpants mngeifungua mngekuta sura kwa sura za maandishi ya kawaida, komiki zimechomekwa tu katikati. Tena kwenye komiki picha inasema hivi, maneno yanasema vile, kichekesho kiko hapo kati kati, mtoto asipoelewa kimoja wapo hacheki. Kwa hiyo akicheka peke yake kwenye kona mwenzenu nafurahi, maana huo ndo mtihani wa ufahamu na kaufaulu bila kuulizwa swali hata moja.

"Kimejaa makosa ya spelingi." Makosa yako kwenye zile komiki ambazo wahusika, George na Harold, wanazichora wenyewe, na ni watoto wa shule ya msingi, wangeandikaje? Yamewekwa makusudi. Mwambie mwanao ayatafute uone atakavyoyanasa.

"Kinafundisha utundu." Dav Pilkey aliyekiandika ana disleksia (shida ya kusoma na kuandika) na ADHD (shida ya kutulia na kuzingatia), shuleni walikuwa wanamtoa nje akae koridoni, na huko koridoni ndiko alikomchora huyo shujaa wa chupi. Utundu ulikuwepo kabla ya kitabu.

"Kimepigwa marufuku Marekani." Hapana bana. Kiliongoza orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani mwaka 2012 na 2013, lakini ile ni orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi. Kulalamikiwa na kuondolewa rafuni ni vitu viwili, wengi mnasoma kichwa cha habari mnaishia hapo.

Sasa msinielewe vibaya, wapo wanaodhani nikitetea vichekesho basi chochote kipite. Pilkey huyo huyo alitoa kitabu kingine cha katuni, Ook and Gluk, mwaka 2010, mzazi mmoja mwenye asili ya Korea akalalamikia jinsi Waasia walivyochorwa, na Machi 2021 kikaondolewa sokoni, Pilkey mwenyewe akaomba radhi. Sawa kabisa. Tintin ya Kongo nayo, ile komiki ya zamani ya Kibelgiji, mahakama ya Ubelgiji ilikataa kuipiga marufuku mwaka 2012, ila mimi mtoto simpi aende nayo peke yake, Wakongo mle wamechorwa wajinga wa kuokolewa na mzungu. Mtoto kumcheka mwalimu mkuu aliyebaki na chupi ni kumcheka mwenye fimbo, mimi hilo halinisumbui. Kumcheka mtu kwa rangi yake ni habari nyingine, na cha ajabu wazazi wanaonililia kuhusu chupi hilo la pili hawajawahi kuniuliza.

Ushauri wangu ni ule ule, msomeeni kwa sauti, tena mjitoe ufahamu mfanye na sauti za wahusika. Na hii biashara ya "maliza kurasa kumi za kitabu cha kweli ndo nikupe katuni" acheni, mnamfundisha kuwa kusoma ni adhabu na katuni ni peremende. Akitaka kuazima kile kile kwa mara ya tano, mwandikisheni tena, mimi sina shida.