Usiichokonoe Sampu kwa Bisibisi

Wiki hii nimepokea tena injini ya zamani ambayo sampu yake, yaani bakuli la oili lililofungwa chini ya injini, ilichokonolewa kwa bisibisi hadi ikaachia, na nimetumia muda mrefu zaidi kurekebisha kazi ya bisibisi hiyo kuliko ambao ningetumia kuifungua sampu yenyewe. Ukingo wake ulikuwa umepinda sehemu tatu, na kwenye uso wa bloku, yaani mwili wa injini unaoshikana na sampu, mahali pasipotakiwa hata mkwaruzo, kulikuwa na chale mbili ambazo ukucha unazama. Maelezo niliyopewa ni yale yale ninayopewa kila mara: sampu ilikuwa imeganda, kwa hiyo ilibidi itumike nguvu.

Sampu haigandi bila sababu. Kuna kitu kinachoishika, na kabla fundi hajagusa nyundo anapaswa kujua ni kitu gani.

Oili imwagwe, gari likae juu ya stendi na si juu ya jeki, na waya hasi wa betri utolewe; hayo hayahitaji maelezo. Kinachohitaji maelezo ni bolti iliyosahaulika, kwa sababu sampu nyingi ninazoambiwa zimeganda bado zina bolti. Osha ukingo wote kwanza, kwani katika gari la zamani tope na oili vikichanganyika huzika kichwa cha bolti kabisa. Tazama nyuma ya kava la flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na ikiwa sampu ni ya alumini, tazama pia bolti zinazoifunga kwenye giaboksi. Baadhi ya injini zina sampu ya vipande viwili, cha juu cha alumini na cha chini cha bati, na nimewaona watu wakihangaika na kipande cha juu wakati walichohitaji kutoa ni kile cha chini tu. Unapozitoa bolti, zipange kwa mahali zilipotoka, maana urefu wake si lazima ulingane.

Bolti zikiwa zimekwisha kweli, swali linabaki moja: kati ya sampu na bloku kuna gasketi, yaani pedi ya kuzibia, au kuna silikoni, yaani gundi ya kuzibia inayopakwa? Watu huyachukulia mambo haya mawili kama moja, na hapo ndipo uharibifu unapoanzia. Injini za zamani zaidi zina gasketi iliyotengenezwa kwa gome lile lile la vizibo vya chupa, ambalo kwa joto la miaka mingi hukauka, hukakamaa na kushika chuma. Gasketi hiyo hukatika kwa urahisi. Weka kipande cha mbao kwenye pembe ya sampu, karibu na ukingo, piga kwa ubavu, na mara nyingi utausikia mlio ukibadilika kabla hujaona mwanya.

Silikoni ni habari nyingine kabisa. Injini nyingi za Toyota zilitoka kiwandani bila gasketi ya sampu, zikiwa na silikoni peke yake, na nyingine zilipakwa na fundi aliyetangulia. Silikoni ni mpira uliokamatana na nyuso zote mbili, na mpira ukivutwa hurefuka kidogo kisha hurudi. Ndiyo maana unaposhindilia bisibisi na kukandamiza, bati la sampu hupinda kabla silikoni haijaachia. Silikoni hukatwa. Kuna kisu maalumu cha kutenganishia sampu, bapa nyembamba yenye makali na mahali pa kupigia nyundo: unakiingiza kwenye ubavu mrefu wa sampu, kisha unakipiga kwa upande ili kitembee kando ya ukingo, kikiwa kimelala sambamba na uso wa bloku. Usikipeleke mbele kwenye mwili wa pampu ya oili wala nyuma kwenye kishikizo cha sili ya krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa sababu sehemu hizo kwa kawaida ni za alumini na kisu huzichana kama sabuni. Kata mbavu mbili, kisha vuta sampu chini taratibu, na ncha za mbele na nyuma zitaachia zenyewe.

Ninawaomba pia wanaotumia moto waache. Silikoni imetengenezwa kuvumilia joto kuliko oili yenyewe, kwa hiyo kabla haijalainika mtakuwa mmekwisha kuwasha mabaki ya oili yanayotiririka juu yenu. Petroli huivimbisha tu, nayo ni hatari ile ile.

Wakati mwingine sampu imekwisha kuachia, ila imenasa. Ikishuka vidole viwili na kukwama, inagonga krosimemba (boriti ya gari inayopita chini ya injini), au chujio la pampu ya oili, au uzito uliotokeza kwenye krankshafti. Izungushe krankshafti kwa spana hadi uzito huo uelekee juu, kisha ujaribu tena. Isipopita, fungua mauntingi, vile vishikizo vya injini, na uiinue injini kidogo, ukiichunga feni isiguse rejeta.

Sidai kwamba sijawahi kutumia mtaimbo. Kuna sampu za alumini ambazo kisu hakikupata pa kuingia, na baada ya kutafuta bila mafanikio matundu yenye nyuzi ambayo baadhi yake huwekewa kwa ajili ya bolti za kusukumia, niliegemeza mtaimbo kwenye pembe nene iliyotokeza nje ya uso wa kuzibia. Ilifanya kazi, lakini sijaridhika kwamba hiyo ni njia ya kumfundisha mwanafunzi, kwa sababu tofauti ya pembe hiyo na mahali pa kupasuka ni ndogo sana.

Wakati wa kurudisha, sawazisha kwanza matundu ya bolti yaliyobonyea kwenye ukingo wa bati, safisha nyuso zote hadi zisiwe na oili, na kwa bolti za milimita 6 usikaze kuzidi sana Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukazia) isipokuwa mwongozo wa injini unasema vingine. Zile chale mbili nilizozitaja mwanzoni nimezijaza silikoni, nikaiacha ikauke usiku mzima kabla ya kumwaga oili. Hadi sasa hakuna tone, lakini nimemwambia mwenye gari alirudishe baada ya wiki mbili nilitazame tena, kwa sababu chale kwenye uso wa bloku siwezi kuitolea dhamana.