Mkono haufundishi peke yake: dhana potofu kuhusu vitendo na ziara za mafunzo katika shule ya msingi

Mjadala kuhusu kujifunza kwa vitendo katika shule za msingi una pande mbili, na kila upande una imani zake zisizo na msingi. Wapo wazazi na walimu wakuu wanaoona kwamba kumtoa mtoto darasani ni kumpotezea muda wa kujiandaa na mtihani. Wapo pia watetezi wa vitendo wanaoamini kwamba mtoto akishakishika kitu mkononi amekwisha kukielewa. Imani za kundi la pili ndizo ngumu zaidi kung'oa, kwa kuwa huja na nia njema na takwimu za kuvutia, kwa hiyo inafaa kuanza nazo.

Dhana: mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma na asilimia 90 ya anachotenda

Asilimia hizi huonyeshwa mara nyingi katika semina za walimu, zikiwa zimeandikwa ndani ya pembetatu iliyogawanywa matabaka: 10 kwa kusoma, 20 kwa kusikia, 30 kwa kuona, na kuendelea hadi 90 kwa kutenda. Kwa kawaida husemwa kuwa ni za Edgar Dale, profesa wa elimu katika Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani. Ni kweli kwamba mwaka 1946 Dale alichapisha mchoro wa umbo la pia, wenye uzoefu wa moja kwa moja chini kabisa, maneno kileleni, na ziara za mafunzo katikati. Hata hivyo mchoro wake haukuwa na asilimia hata moja, na yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba matabaka yale yasichukuliwe kuwa ngazi ya ubora. Asilimia zilibandikwa na watu wengine, bila utafiti wa kuzithibitisha. Hata asiyeijua historia hiyo angepaswa kuzitilia shaka, kwa maana ni jaribio gani la binadamu linaloweza kutoa 10, 20, 30, 50, 70 na 90 bila baki? Tena kilichokumbukwa ni kitu gani, baada ya siku ngapi, na kwa mtoto wa umri gani? Mtoto aliyesoma hadithi ya Sungura na Fisi anaweza kuikumbuka kwa miaka, na huyo huyo akasahau kesho yake urefu wa dawati alilolipima bila kuambiwa anapimia nini.

Dhana: mpe mtoto vifaa, kanuni ataigundua mwenyewe

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo lote. Mwaka 2004 watafiti David Klahr na Milena Nigam walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na watoto wa darasa la tatu na la nne nchini Marekani. Watoto walipewa njia za mteremko na mipira, wakatakiwa kubuni majaribio ya kujua ni kitu gani kinachoufanya mpira ubingirike mbali zaidi: ukali wa mteremko, urefu wa njia, ulaini wa uso wake au aina ya mpira. Siri ya jaribio zuri ni kubadili kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote sawa, na siri hiyo ndiyo iliyokuwa somo lenyewe. Kundi moja lilionyeshwa na mwalimu mifano ya majaribio mazuri na mabaya, likaelezwa kwa nini hili linatoa jibu na lile halitoi. Kundi la pili liliachwa livumbue. Walioimudu kanuni walikuwa 40 kati ya 52 katika kundi la kwanza, na 12 kati ya 52 katika kundi la pili.

Jambo ambalo wasomaji wengi wa matokeo hayo hulipita ni kwamba makundi yote mawili yalishika vifaa. Hapakuwa na kundi la ubao na chaki lililoshindanishwa na kundi la vitendo. Tofauti ilikuwa maelezo ya mwalimu. Kwa hiyo matokeo hayo hayampi nguvu mwalimu anayetaka kurudi kwenye kunakilisha ubaoni, wala hayamwachii nafasi mwalimu anayegawa vifaa kisha akakaa pembeni kusahihisha madaftari.

Chukua jaribio la maharage ambalo karibu kila shule hulifanya, lile la kuotesha mbegu katika makopo mawili ili kuona kazi ya mwanga. Kopo moja likiwekwa dirishani na jingine kabatini, halafu la kabatini likasahauliwa kumwagiliwa kwa siku kadhaa, watoto wataona mmea uliokufa na kuandika kwamba mwanga ndio uliokosekana. Wamegusa udongo, wamefurahi, na wamejifunza uongo. Mwalimu aliyeandaa somo lake angewauliza kabla ya kupanda: makopo haya yanatofautiana kwa mambo mangapi? Na wakati mbegu zinapoota, angewatayarisha kwa ajabu ambayo wengi hawaitarajii, kwamba mche wa gizani mwanzoni hurefuka kuliko wa mwangani, ingawa huwa mwembamba na wa manjano, kwa kuwa unatumia chakula kilichohifadhiwa ndani ya mbegu huku ukiutafuta mwanga. Asiyejua hilo mapema atajikuta siku ya tano akibishana na matokeo ya jaribio lake mwenyewe mbele ya darasa zima.

Imani inayofanana na hiyo husema kwamba vifaa vizuri ni vile vya dukani, vyenye rangi nyingi na vinavyofanana na vitu halisi. Mwaka 2009 Nicole McNeil na wenzake walionyesha kwamba wanafunzi waliotumia noti na sarafu zilizofanana sana na fedha halisi kutatua mafumbo ya hesabu walifanya makosa mengi zaidi, ingawa makosa hayo hayakuwa sana ya kutoelewa dhana. Urembo wa kifaa huvuta macho kwenye kifaa. Vizibo vya soda, komwe na vijiti havina tatizo hilo, na mwalimu anayevikusanya hana sababu ya kuona haya mbele ya mkaguzi.

Dhana: vitendo ni kwa watoto wasioweza vitabu

Imani hii huvaa vazi la kisayansi kwa jina la mitindo ya kujifunza: huyu hujifunza kwa kusikia, yule kwa kuona, na yule mwingine kwa mikono. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kulingana na mtindo wake kunamwongezea maarifa. Kinachopaswa kuamua njia ni somo lenyewe. Ujazo hufundishwa kwa maji na vikombe kwa sababu ni ujazo, na shairi hufundishwa kwa kughanwa kwa sababu ni shairi, hata kwa mtoto anayeongoza darasa.

Dhana: ziara ni starehe tu, na mtoto harudi na chochote

Jumba la makumbusho ya sanaa la Crystal Bridges lilipofunguliwa mwaka 2011 katika jimbo la Arkansas nchini Marekani, shule zilizoomba ziara zilikuwa nyingi kuliko nafasi, ikabidi washindi wapatikane kwa bahati nasibu. Watafiti Jay Greene, Brian Kisida na Daniel Bowen waliitumia bahati nasibu hiyo kulinganisha wanafunzi waliokwenda na ambao hawakwenda, zaidi ya 10,000 kwa jumla. Wiki kadhaa baadaye, asilimia 88 ya walioona mchoro mmoja wa wapinga utumwa waliokuwa wakitengeneza sharubati ya mti ili kuidhoofisha biashara ya sukari ya watumwa waliweza kueleza mchoro ule ulihusu nini, ingawa hakuna aliyewaambia kwamba wangeulizwa. Manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa watoto wa vijijini na wa shule zenye umaskini mwingi.

Wenye shaka wana hoja moja iliyo sahihi nusu. Tangu mwaka 1978 John Falk na wenzake wameonyesha kwamba mahali pageni mno humfanya mtoto ashughulike na ugeni wenyewe: choo kiko wapi, tutakula saa ngapi, yule nyani atatukaribia? Akili ikijaa maswali hayo, somo hukosa nafasi. Tiba yake ni kupunguza ugeni kabla ya safari kwa kuwaonyesha watoto picha na ramani ya mahali, kuwaeleza ratiba ya siku, na kuwapa swali la kwenda nalo.

Magofu ya Gede, katika kaunti ya Kilifi, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ni mfano mzuri. Basi linaweza kushusha watoto 60, wakamfuata mwelekezi mbio mbio, wakapiga picha, wakala mkate na soda wakarudi. Au watoto wanaweza kufika wakijua kwamba kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, ambao ni 1399 Miladia. Kundi moja liondoe 802 kutoka mwaka wa sasa wa Hijria, na jingine liondoe 1399 kutoka mwaka wa sasa wa Miladia. Majibu yatatofautiana kwa takriban miaka 19, na watoto watalazimika kutafuta kwa nini kaburi moja lina umri wa namna mbili. Jibu, yaani mwaka wa Hijria, unaofuata mwezi, kuwa mfupi kuliko wa Miladia kwa siku 11 hivi, ni hesabu, sayansi na historia kwa pamoja. Kundi la tatu lichunguze visima, kwa kuwa miongoni mwa sababu zinazotolewa za mji ule kuhamwa ni kushuka kwa maji. La nne liulize vyombo vya kaure vya China vilivyofukuliwa pale vilifikaje. Kazi hiyo haihitaji shilingi moja zaidi ya ile ya kwanza. Inahitaji mwalimu kuitembelea Gede kabla, au angalau kuisoma.

Dhana: shamba la shule ni kujifunza kwa vitendo tayari

Nchini Tanzania imani hii ina historia. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya elimu yenyewe: wanafunzi washiriki kupanga, waone uhusiano wa kazi na mavuno, na wawe na sauti kuhusu matumizi ya mapato. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Mtoto anayepalilia mahindi kwa saa mbili bila kupima nafasi kati ya mistari, bila kuhesabu gharama ya mbegu na bila kujua mavuno yalikwenda wapi, amefanya kibarua, tena cha bure. Kusema hivyo si kuidharau kazi ya mikono.

Kuhusu mtihani, neno moja linatosha. Kenya ilipoanzisha tathmini ya Gredi ya 6 mwaka 2022, mpango ulikuwa asilimia 60 ya alama zitokane na kazi za shuleni na 40 na tathmini yenyewe, kwa hiyo dai kwamba vitendo viko nje ya alama halikuwa kweli hata kwa hesabu za Baraza la Mitihani.

Dhana: asiyelipa nauli anakosa siku moja ya matembezi

Shule nyingi huwaacha nyuma watoto ambao wazazi wao hawakulipa, zikidhani wamekosa burudani. Kama ziara imeandaliwa ipasavyo, masomo ya wiki inayofuata hutegemea yaliyoonwa huko, na mtoto aliyebaki hukaa darasani akisikiliza wenzake wakijadili kaburi ambalo hakuliona. Na kwa matokeo ya Arkansas, mtoto huyo wa familia isiyo na uwezo ndiye ambaye angefaidika zaidi. Darasa lisiloweza kwenda lote Gede au Kilwa linaweza kwenda lote kwa miguu hadi sokoni, likiwa na barua za ruhusa za wazazi, watu wazima wa kutosha na vipande vya karatasi vya kuandikia bei ya nyanya kwa fungu na kwa kilo, kisha likarudi kukokotoa ni muuzaji yupi mwenye nafuu.