Kikomo si kota

"Leo sijamaliza kota yangu, nimepata mmoja tu." Kuanzia mwezi wa sita hivi, jamaa zetu wa Anchorage, Seattle na Vancouver wanapoanza kwenda baharini kutafuta samaki wa halibati na samoni, sentensi hii husikika kila wikendi. Nimeinyamazia kwa muda mrefu. Lakini siku hizi imezaa mtoto mbaya kuliko mama: "Serikali imetupunguzia kota kwa sababu halibati wamekwisha." Humo ndani mna makosa mawili yaliyobebana.

Kikomo ni idadi ya juu kabisa ya samaki ambao sheria inamruhusu mvuvi mmoja kubaki nao. Kuna kikomo cha siku, kuna cha mwaka, kuna cha samaki unaoruhusiwa kuwa nao kwa wakati mmoja, na kuna cha urefu. Kota ni mgawo, yaani uzito, kwa pauni au tani, uliotengewa nchi, sekta au mwenye hati fulani kwa msimu mzima. Kikomo huhesabu samaki wa mtu, kota hupima uzito wa kundi. Maana imeishia hapo. Kinachoniudhi ni kwamba ukichanganya hivyo viwili huwezi kuelewa kwa nini nambari zinabadilika kila mwaka, na usipoelewa utamlaumu asiyehusika.

Twende kwa halibati. Ni jamaa ya gayogayo wa kwetu pwani: bapa, macho yote mawili upande mmoja, ila huyu anaweza kupita kilo 200. Tangu 1923 Kanada na Marekani wanamsimamia kwa pamoja kupitia Tume ya Kimataifa ya Halibati wa Pasifiki, yenye makao yake Seattle. Wakati wa kiangazi tume hukodi meli za wavuvi zikategeshe mishipi mirefu yenye ndoana nyingi kwenye vituo vilevile, ili ilinganishe mwaka na mwaka. Mkutano wake wa mwanzo wa mwaka ndio unaopanga pauni ngapi zitolewe katika kila eneo: 2B ni British Columbia, 2C ni Kusini-Mashariki ya Alaska ilipo Sitka na Juneau, 3A ni Alaska pia, upande wa Homer, Seward na Kodiak. (Na pauni hizo ni za samaki aliyekwisha kutolewa matumbo na kukatwa kichwa. Anayelinganisha na uzito wa samaki mzima aliyemning'iniza gatini atakosea kwa robo hivi.)

Baada ya hapo ndipo pauni zinapogawanywa, na hapo ndipo neno kota lina haki ya kutumika. Kanada, mwaka 2012, serikali iliongeza fungu la wavuvi wa burudani wa British Columbia kutoka asilimia 12 hadi 15, na asilimia 85 ikabaki kwa wavuvi wa biashara. Alaska wana mpango wao wa kugawana ulioanza 2014: pauni za pamoja zikiwa chini ya milioni 5 katika 2C, boti za kukodi, yaani zile zinazobeba wateja na nahodha wake kwenda kuvua, zinapata asilimia 18.3. Mvuvi wa biashara ana kota yake mwenyewe kwa jina lake, Kanada tangu 1991, Alaska tangu 1995. Kabla ya hapo walikuwa wanakimbizana. Mwaka 1990 msimu mzima wa British Columbia ulidumu siku 6, watu wakienda baharini hata katika hali ya hewa ambayo mwenye akili zake angebaki kitandani.

Sasa wewe uliyelipia nafasi kwenye boti ya kukodi pale Sitka huna kota. Kota ni ya sekta nzima ya boti za kukodi katika eneo hilo. Wewe una kikomo.

Uhusiano wa hivyo viwili ni kama sufuria ya pilau harusini. Nyama iliyomo ni ileile. Wageni wakizidi waliotarajiwa, mpakuaji anaambiwa atie kipande kimoja kwa sahani badala ya viwili. Mgeni akisema "mbuzi wamekwisha kijijini" atakuwa amerukia mbali sana.

Hesabu wanayopiga wasimamizi ni hii: safari zinazotarajiwa, mara samaki kwa kila safari, mara uzito wa wastani wa samaki. Jibu lisizidi kota. Idadi ya safari hawaiamui wao. Ikipanda nauli ya ndege watalii wanapungua, ikishuka wanajaa. Kwa hiyo wanacheza na viwili vilivyobaki, idadi na urefu. Tazama 2C. Mwaka 2009 mteja wa boti ya kukodi aliwekewa halibati mmoja kwa siku. Mwaka 2011 ikaongezwa kwamba huyo mmoja asizidi inchi 37. Mwaka 2012 wakabadilisha tena: ruhusa kubaki na samaki wa inchi 45 kushuka chini, au wa inchi 68 kwenda juu, na wa katikati arudishwe majini. Nambari hizo mbili zimekuwa zikisogea tangu hapo, na nahodha asiyebandika tangazo la mwaka huu karibu na usukani anatafuta faini.

Huo mwanya wa katikati huwachanganya sana watu waliokulia Mwanza au Kisumu, na siwalaumu. Kwenye Ziwa Victoria kanuni ya sangara tuliyoizoea ilikuwa kinyume chake: wa kati ya sentimita 50 na 85 ndiye halali, mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Kwa hiyo wakisikia Alaska inaruhusu wadogo na wakubwa sana, wanaona hawa watu hawajui biolojia. Wanajua. Halibati mkubwa karibu kila mara ni jike, na hilo hawajalisahau. Lakini kanuni ya 2C haikutungwa kulinda rika fulani la samaki. Ilitungwa kupunguza pauni bila kuua biashara ya boti. Wa inchi 68 kwenda juu ni adimu, kwa hiyo hawaongezi uzito mwingi kwenye jumla, lakini matumaini ya kumpata ndiyo yanayomfanya mtu apande ndege kutoka Texas. Wa katikati ndio wangejaza kota upesi. Ni kanuni ya mizani, ikivaa nguo za kanuni ya uzazi.

Urefu nao una nguvu kuliko unavyoonekana. British Columbia walikuwa na kikomo cha sentimita 133 mwaka 2017, kikashuka hadi 115 mwaka 2018. Nilisikia mtu akisema, sentimita 18 ni kitu gani, urefu wa kiganja. Uzito wa samaki huongezeka takriban kwa kipeo cha tatu cha urefu wake. Piga 115 gawanya kwa 133, kisha piga jibu mara jibu mara jibu: inatoka kama 0.65. Umekata asilimia 14 ya urefu, umeondoa thuluthi ya uzito. Ndiyo maana wanapenda kugusa rula kabla ya kugusa idadi. Mvuvi bado anarudi nyumbani na samaki.

Na wakati mwingine wanagusa kalenda. Katika 3A, mwaka 2016, wateja wa boti za kukodi hawakuruhusiwa kubaki na halibati siku za Jumatano. Siku ya Jumatano bahari ina halibati wale wale wa Jumanne. Kilichoondolewa ni safari, ile nambari ya kwanza katika hesabu niliyoitaja.

Sehemu inayochemsha damu zaidi ni hii. Siku hiyohiyo, kwenye maji yaleyale ya Sitka, rafiki yako mwenye boti yake ndogo anabaki na halibati wawili wa saizi yoyote, nawe kwenye boti ya kukodi unapimwa kwa rula mmoja wako. Watu husema ni upendeleo. Huenda. Mimi mwenyewe naona hoja ya wenye boti za kukodi ina uzito. Lakini sababu yake ni ya kihesabu: wanaovua bila mwongozaji Alaska hawamo katika mgawanyo wa boti za kukodi na wavuvi wa biashara. Makadirio ya samaki wao hutolewa kwanza, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Hawana kota ya kuizidi, kwa hiyo kikomo chao hakitikisiki ovyo.

Sisemi halibati wako tele. Kwa miongo kadhaa wamekuwa wakikua polepole kuliko zamani, na pauni zinazotolewa si zile za miaka ya tisini. Nasema tu kwamba ukiona kikomo kimeshuka, uliza kwanza kimeshuka kwa nani.

Samoni ni habari nyingine kabisa, na hapa hata wanaojua halibati huteleza. Kikomo cha samoni chinuki, yule ambaye Alaska humwita mfalme, mara nyingi huongozwa na ukoo, yaani samaki wa mto mmoja, ulio dhaifu kuliko zote katika mchanganyiko. Baharini chinuki wa mito mingi huogelea pamoja, na kwa macho huwezi kujua huyu ni wa mto gani. Mwaka 2019 Kanada ilishusha kikomo cha mwaka cha chinuki kutoka 30 hadi 10, na katika sehemu kubwa ya kusini mwa British Columbia kikomo cha siku kikawa sifuri kuanzia katikati ya Aprili hadi Julai. Watu waliona chinuki wakiruka mbele ya macho yao wakasema wizara imepofuka. Wizara ilikuwa inawatazama chinuki wa mto Fraser, hasa wale wanaopanda mapema, ambao koo zao nyingi ziko hatarini. Wachache wa Fraser walikuwa humo humo katikati ya wengi wa kwingine.

Na kikomo sifuri hakimaanishi uvuvi umefungwa. Unaweza kutoka kutafuta koho, samoni wa aina nyingine, au halibati, ukinasa chinuki unamwachia, kwa ndoana isiyo na kijino cha kumzuia samaki asichomoke, ambayo kwa samoni wa huko ni lazima hata hivyo. Mwachie angali ndani ya maji. Ukimpakata kwa picha dakika tatu kisha ukamrudisha, umefuata sheria na huenda umemuua.

Nimalizie na kile kikomo cha samaki unaoruhusiwa kuwa nao kwa wakati mmoja, maana kinatia watu hasara. British Columbia kwa kawaida ni mara mbili ya kikomo cha siku, na hakihesabu samaki walioko kwenye makazi yako ya kawaida. Makazi ya kawaida ni nyumba unayoishi. Gari la kulala au kibanda cha likizo hakimo, hata kama friza lake ni kubwa kuliko la nyumbani. Kwa hiyo ukikaa siku tano ufukweni huvui vikomo vitano. Ukifika viwili, unakula au unapeleka nyumbani kwanza. Na chinuki na halibati wanaandikwa kwenye leseni papo hapo, kabla ya kurusha mshipi tena.

Basi ndugu yangu uliyerudi na halibati mmoja siku ambayo kikomo ni wawili, hujapungukiwa na chochote ulichokuwa unadai. Sema "kikomo ni wawili, nimepata mmoja", inatosha. Isipokuwa kama umepanda boti ya Alaska ambayo mwenyewe amekodi sehemu ya kota ya mvuvi wa biashara kwa ajili ya wateja wake, jambo ambalo mpango wa 2014 unaliruhusu. Huyo samaki wa ziada uliyemlipia kando anatoka kweli kwenye kota. Mwite hivyo, na mimi sitakusahihisha.